Simu Ilivumbuliwa Mara Ngapi?

Neno "simu" asili yake ni Kiajemi, na huko maana yake ni waya. Kabla halijawa jina la chombo cha kuzungumzia, lilitumika pia kwa telegramu: mtu aliyepelekewa simu alipokea karatasi yenye maneno machache yaliyosafiri kwenye waya. Leo tunaita simu hata kile chombo kisichofungwa na waya wowote. Nimeanza na neno hili kwa makusudi, kwa sababu linafichua jambo ambalo lile swali la shuleni, "Nani aligundua simu?", hulifunika. Waya ulitangulia.

Samuel Morse alituma ujumbe wa telegrafu kutoka Washington hadi Baltimore tarehe 24 Mei 1844. Kufikia 1866 kebo ya telegrafu ilikuwa imevuka bahari ya Atlantiki na ikafanya kazi bila kufa. Kwa hiyo Alexander Graham Bell alipoanza majaribio yake, nyaya zilikuwa tele. Kazi ya kwanza iliyobaki ilikuwa kuufanya waya ubebe sauti ya mtu. Ya pili, ambayo mimi naiona ngumu zaidi, ilikuwa kuuwezesha waya wa mtu mmoja kukutana na waya wa mtu mwingine yeyote anayemtaka. Kisha ikaja kazi ya umbali, na mwishoni kazi ya kuuondoa waya mkononi mwa mzungumzaji. Kila kazi ilikuwa na watu wake, na wengi wao hawatajwi.

Umeme unaokatika na umeme unaoyumba

Telegrafu hujua hali mbili tu: umeme upo, umeme haupo. Ukibonyeza kitufe unapita, ukiachia unakatika, na herufi zinatengenezwa kwa mibonyezo mifupi na mirefu. Sauti ya binadamu haikubali kubanwa namna hiyo. Jaribu kutamka "a" halafu "i" kwa kimo kilekile cha sauti na kwa nguvu ileile. Hewa inatikisika mara sawa kwa sekunde katika vokali zote mbili, lakini sikio halikosei hata kidogo. Kinachozitofautisha ni umbo la wimbi lenyewe, zile kona na mabonde madogo yaliyo ndani ya kila mtikisiko.

Mjerumani Johann Philipp Reis alikaribia sana. Mwaka 1861 huko Frankfurt alionyesha chombo chenye kiwambo, ngozi nyembamba iliyowambwa kama ya ngoma, kilichotikisika mtu alipoimba mbele yake. Kiwambo kilikuwa kikigusa ncha ya chuma na kuiachia, na kila kilipoachia umeme ulikatika. Waya ulipokea hesabu sahihi ya mitikisiko, na ndiyo maana wimbo ulisikika upande wa pili. Umbo la wimbi lilipotea njiani, na maneno yakasikika kwa taabu kubwa.

Bell hakuwa fundi wa umeme. Alizaliwa Edinburgh mwaka 1847 katika ukoo wa walimu wa utamkaji, mama yake alikuwa na uziwi, na yeye mwenyewe alifundisha watoto viziwi mjini Boston. Mabel Hubbard, aliyekuja kuwa mke wake, alipoteza usikivu akiwa mtoto mdogo. Naamini hilo ndilo lililompa Bell nafasi ambayo mafundi hodari kuliko yeye hawakuwa nayo: alijua sauti imeundwaje. Alichokuwa akikitafuta kwanza kilikuwa telegrafu ya kupeleka jumbe nyingi kwenye waya mmoja, kila ujumbe kwa toni yake, na waliompa fedha walitaka hiyo.

Tarehe 2 Juni 1875 yeye na msaidizi wake, Thomas Watson, walikuwa vyumba viwili tofauti wakirekebisha vibati vya chuma vilivyopaswa kutikisika kila kimoja kwa toni yake. Kimoja kikagoma. Watson akakidonoa kwa kidole ili kiachie. Bell, aliyekuwa chumba cha pili, akasikia mlio wa chuma kinachodonolewa, na mlio huo ulikuwa na rangi yake yote, si toni tupu. Skrubu ilikuwa imekazwa mno, hivyo umeme haukukatika kama ulivyopangwa. Kibati kilipotikisika juu ya sumaku kilizalisha mkondo mdogo uliopanda na kushuka kama chenyewe kilivyopanda na kushuka. Bell akaelewa papo hapo. Umeme usikatwe, uachwe uyumbe pamoja na sauti. Uvumbuzi wa simu, ule wa kwanza, uko katika wazo hilo moja, na chombo kinachofuata ni namna tu ya kulitekeleza.

Siku moja, karatasi mbili

Tarehe 14 Februari 1876 wakili wa Bell aliwasilisha mjini Washington ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi. Siku hiyohiyo Elisha Gray aliwasilisha hati ya kujiwekea nafasi, yaani taarifa kwamba yuko mbioni kukamilisha chombo cha kupeleka sauti kwa umeme. Gray alieleza sindano inayochovywa kwenye kimiminika: sauti inakitikisa kiwambo, sindano inazama na kuinuka, na umeme unaopita unaongezeka na kupungua. Bell alipewa hataza namba 174,465 tarehe 7 Machi. Siku tatu baadaye alifanikiwa kuzungumza kwa waya, na chombo alichotumia kilikuwa na sindano iliyochovywa kwenye maji yenye asidi.

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Zenas Wilber, mkaguzi wa ofisi ya hataza, alikuja kuapa mwaka 1886 kwamba alimwonyesha Bell karatasi za Gray, ingawa awali alikuwa ameapa vingine. Bell alikanusha kwa kiapo. Ninavyopima ushahidi, wazo la umeme unaoyumba lilikuwa la Bell tangu 1875, na chombo chake cha sumaku, ambacho hakina kimiminika chochote, ndicho alichoendelea nacho na kukitangaza. Lakini sindano ya tarehe 10 Machi inafanana mno na ya Gray kwa mtu kusema hakuna la kujadili.

Antonio Meucci naye anastahili kutajwa. Mtaliano huyu aliyeishi Staten Island, New York, aliweka hati ya kujiwekea nafasi mwaka 1871 na akashindwa kuilipia baada ya 1874, akiwa mgonjwa na fukara. Mwaka 2002 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kumtambua. Azimio hilo halikufuta hataza ya Bell, na hati ya Meucci yenyewe haikueleza waziwazi jinsi sauti inavyogeuzwa kuwa umeme. Alifanya majaribio ya kweli, miaka mingi, na umaskini ndio uliomnyima nafasi ya kusikilizwa kwa wakati wake. Kesi za kuipinga hataza ya Bell zilifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1888 ilimpa Bell ushindi kwa majaji 4 dhidi ya 3.

Turudi kwenye chumba kile cha Boston. Daftari la Bell la tarehe 10 Machi linaeleza kwamba Watson alibana sikio moja kwenye chombo cha kupokelea na kuziba la pili kwa mkono. Bell akasema kwenye chombo chake: "Bwana Watson, njoo hapa, nataka kukuona." Watson akaja, akayarudia maneno kama alivyoyasikia. Kisha wakabadilishana nafasi, Watson akasoma kitabu, na Bell anaandika kwa uaminifu kwamba sauti ilikuwa kubwa lakini haieleweki. Aliambua neno hapa na neno pale. Ndivyo simu ilivyokuwa siku ya kuzaliwa.

Kaboni

Udhaifu wa chombo cha sumaku cha Bell ulikuwa kwamba umeme wote ulitokana na nguvu ya pumzi ya msemaji. Nguvu hiyo ni ndogo sana, kwa hiyo mtu alipaza sauti mpaka koo likauma. Thomas Edison, mnamo 1877, aligeuza mpango. Sauti haitazalisha umeme. Itaongoza umeme unaotoka kwenye betri. Ni sawa na mkono unaofungua na kufunga bomba: nguvu ya maji si ya mkono, mkono unaamua tu kiasi cha kupita. Edison alitumia kidonge cha kaboni kilichobanwa na kiwambo. Kaboni ikibanwa umeme unapita kwa wepesi, ikiachiwa unapita kwa shida. Mwingereza Henry Hunnings akaboresha kwa kutumia punje za kaboni badala ya kidonge.

Kichumba hicho cha punje kilidumu ndani ya simu za mezani kwa karibu miaka mia moja. Waliowahi kuzitumia watakumbuka sauti ya mwenzako ikianza kufifia na kukwaruza, unamwambia "hebu upigepige mkonga," anaugonga kwenye kiganja, na sauti inarudi. Hakuwa anabahatisha. Punje zilikuwa zimeshikamana na kutulia, na kugonga kulizitawanya ziweze tena kubanwa na kuachiwa.

Uvumbuzi wa pili: kukutana

Simu za kwanza zilikodishwa mbilimbili, moja nyumbani na nyingine dukani, zikiwa na waya wake katikati. Sasa fikiria watu 21 wanaotaka kila mmoja azungumze na mwingine yeyote. Wakiunganishwa moja kwa moja zinahitajika nyaya 210. Watu 100 wanahitaji 4,950. Watu 10,000 wanahitaji karibu milioni 50. Hakuna mji ambao ungeweza kubeba mzigo huo, na bila dawa ya tatizo hili simu ingebaki kuwa kifaa cha matajiri wawili wawili.

Nimetaja 21 kwa sababu hao ndio wateja ambao George Coy alianza nao mjini New Haven, Connecticut, tarehe 28 Januari 1878, alipofungua kituo cha kwanza cha biashara cha kuunganisha simu. Kila mteja alikuwa na waya mmoja tu, unaofika kituoni, na opareta akauunganisha na waya wa anayetafutwa. Nyaya 21 zikatosha badala ya 210. Naona jambo hili ni kubwa kama lile la Bell. Bell alitoa chombo, na vituo kama cha Coy vikakipa thamani, kwa sababu kila mteja mpya aliongeza idadi ya watu ambao wateja wote wa zamani wangeweza kuzungumza nao.

Maopareta wa mwanzo walikuwa wavulana, na walijulikana kwa ukorofi na matusi. Tarehe 1 Septemba 1878 Emma Nutt aliajiriwa Boston, mwanamke wa kwanza katika kazi hiyo, na kwa miongo mingi iliyofuata swichibodi, ule ubao wa kuunganishia nyaya, ikawa kazi ya wanawake. Walikariri wateja kwa majina. Namba za simu zilizaliwa kutokana na hofu ya maradhi: mwaka 1879 huko Lowell, Massachusetts, daktari Moses Greeley Parker aliona surua inavyosambaa na kuwaza kwamba maopareta wachache wa mji wakiugua pamoja, hakuna atakayejua nani ni wa tundu lipi. Akashauri kila mteja apewe namba, ili hata mgeni aweze kushika kazi.

Namba ndiyo iliyofungua mlango kwa mashine. Almon Strowger alikuwa mzishi, mtu wa majeneza, huko Kansas City. Inasimuliwa kwamba alishuku simu za wafiwa zinazomtafuta yeye zilielekezwa kwa mshindani wake, na opareta alikuwa ndugu wa mshindani huyo. Hataza yake ilitoka mwaka 1891, na kituo cha kwanza cha aina yake kikafunguliwa La Porte, Indiana, mwaka 1892. Katika mashine za aina hiyo kuna mkono wa chuma unaosimama mbele ya safu kumi za ncha za umeme, kila safu ikiwa na ncha kumi. Mteja akituma mapigo manne, mkono unapanda ngazi nne. Akituma mapigo saba, unazunguka hatua saba na kutulia. Amefika namba 47 bila binadamu kugusa kitu. Kile kidude cha kuzungusha kwa kidole kilichokuja baadaye kilikuwa mashine ya kuhesabu mapigo hayo: ukizungusha 7 na kuachia, kinaporudi kinakata umeme mara saba. Simu za vibonye zilizoanza 1963 ziliacha mapigo na kutuma toni mbili kwa pamoja kwa kila kibonye, ili sauti ya mtu au mluzi usije ukadhaniwa ni namba.

Umbali

Umeme unaobeba sauti huchoka njiani. Koili zilizofungwa kila baada ya umbali fulani, kwa hesabu zilizoanzia kwa Oliver Heaviside, zilipunguza uchovu huo, lakini hazikuongeza nguvu. Nguvu iliongezwa na valvu ya utupu, kichupa kisicho na hewa kinachokuza umeme, iliyotokana na kifaa alichobuni Lee de Forest mwaka 1906. Tarehe 25 Januari 1915 laini ya zaidi ya kilomita 5,000 kati ya New York na San Francisco ilifunguliwa. Bell alikuwa New York, akamwambia tena Watson aje. Watson, aliyekuwa San Francisco, akamjibu kwamba sasa itamchukua wiki nzima kufika.

Bahari ilingoja zaidi. Kuanzia 1927 New York na London ziliunganishwa kwa redio, pauni 15 kwa dakika tatu, na hali ya hewa angani ndiyo iliyoamua kama mtasikilizana. Mkongo wa kwanza wa simu chini ya Atlantiki ulianza kazi mwaka 1956 kati ya Scotland na Newfoundland. Ulibeba mazungumzo machache, kama 36 kwa wakati mmoja, ukiwa na vikuza sauti vilivyozamishwa baharini pamoja nao, ambavyo hakuna fundi angeweza kuvifikia kwa urahisi.

Kwa kuwa kila laini ilikuwa ghali, wahandisi walipunguza kinachobebwa. Sauti ya simu ikakatwa ibaki kati ya mitikisiko 300 na 3,400 kwa sekunde. Inatosha kumtambua mtu na kumwelewa, ila haitoshi kwa kila kitu. Mwambie mtu kwenye simu ya zamani "saa", anaweza kusikia "faa". Konsonanti s na f hutofautiana zaidi katika sehemu ya juu ya sauti, na hiyo ndiyo iliyotupwa. Ndiyo maana tumezoea kutaja majina herufi kwa herufi kwenye simu, jambo ambalo hatulifanyi ana kwa ana.

Mpaka hapo bado tunazungumzia wazo la 1875, wimbi la umeme linalofuata wimbi la sauti. Mwingereza Alec Reeves ndiye aliyeliacha, miaka ya 1930. Alipendekeza wimbi lipimwe mara nyingi kwa sekunde na kila kipimo kiandikwe kama namba. Simu zilikuja kupima mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo kwa biti 8 (biti ni tarakimu ya 0 au 1), yaani biti 64,000 kwa sekunde kwa kila sauti. Wimbi lililokuzwa mara mia huchafuka mara mia, kwa sababu kelele hukuzwa pamoja nalo. Namba inaweza kunakiliwa upya safi kila kituo. Wazo lilisubiri transista, swichi ndogo ya umeme iliyobuniwa Bell Labs, maabara za kampuni ya simu ya Marekani, mwaka 1947, ndipo likawezekana kwa gharama ya kuvumilika. Kuna la kustaajabisha hapa: sauti imerudi kwenye lugha ya Morse, umeme upo na umeme haupo, ila kwa kasi ambayo Morse asingeiota.

Kuuondoa waya

Simu za redio ndani ya magari zilikuwepo St. Louis tangu 1946. Tatizo halikuwa kupeleka sauti hewani. Mnara mmoja wenye nguvu ulifunika mji mzima, na masafa, yaani kasi ya mitikisiko ya wimbi la redio, yaliyotumiwa na mzungumzaji mmoja hayakuweza kutumiwa na mwingine mjini humo. Mazungumzo machache tu yalijaza mji.

Mwaka 1947 Douglas Ring wa Bell Labs alieleza suluhisho katika andiko la ndani: gawa eneo kuwa vipande vidogo, seli, kila kimoja na mnara wake wenye nguvu ndogo. Kwa kuwa mawimbi hayafiki mbali, masafa yaleyale yanaweza kutumika tena seli chache mbele. Watumiaji wakiongezeka, seli zinafanywa ndogo zaidi. Udhaifu wa mnara ukawa ndiyo faida yake. Bei yake ni kwamba mtandao lazima ukuhamishe kutoka mnara mmoja hadi mwingine ukiwa katikati ya sentensi bila wewe kuhisi, na hilo lilihitaji kompyuta ambazo 1947 hazikuwepo.

Tarehe 3 Aprili 1973 Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama mtaani New York akiwa na simu ya zaidi ya kilo moja, akampigia Joel Engel, mpinzani wake wa Bell Labs. Ilichukua miaka kumi zaidi kabla simu ya mkononi ya Motorola kuruhusiwa sokoni, mwaka 1983, kwa dola 3,995: unachaji saa kumi, unaongea nusu saa. Tokyo ilikuwa na mtandao wa seli kwa ajili ya magari tangu 1979.

Watu wengi huniuliza simu inajuaje ulipo mtu anapokupigia. Yenyewe ndiyo inayojitambulisha. Hata ikiwa mfukoni, inasikiliza minara, na ukihama kutoka eneo moja hadi jingine inatuma taarifa fupi: niko huku. Mtandao unaandika. Ukipigiwa, unaangalia daftari lake, unaita namba yako katika minara ya eneo hilo, na simu yako inaitika kabla haijalia.

Mtandao wa kidijitali wa GSM, mfumo wa pamoja wa simu za mkononi, ulianza Finland tarehe 1 Julai 1991. Ujumbe mfupi ulikuja kwa kudandia njia ileile ya taarifa fupi: kulikuwa na nafasi ya baiti 140, kila baiti ikiwa biti 8, na herufi zikiandikwa kwa biti 7 zinaingia 160. Kikomo kile kilichotufundisha kufupisha maneno kilitokana na hesabu hiyo. Wa kwanza, wenye salamu za Krismasi, ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992.

Kuhusu simu janja nitasema machache, kwani ni historia ya kompyuta zaidi kuliko ya simu. IBM ilijaribu mwaka 1994, iPhone ikaja 2007, na tangu hapo kuzungumza kukawa programu moja kati ya nyingi.

Lakini fuata sauti yako ndani ya simu hiyo. Chini ya kitundu kidogo kuna kiwambo cha silikoni, kidogo kuliko punje ya mchele, kinachotikisika unapotamka. Mtikisiko unakuwa umeme unaoyumba, kama wa 1875, kisha unapimwa na kuwa namba. Namba zinafungwa vifurushi na kurushwa hadi mnarani, mara nyingi umbali usiozidi kilomita chache. Kutoka hapo mara nyingi zinashuka ardhini, zinaingia kwenye nyuzi za kioo na kusafiri kama mwanga, pengine zinavuka bahari kwa mkongo, zinapanda mnara mwingine. Upande wa pili namba zinarudishwa kuwa mkondo, mkondo unapita karibu na sumaku, na kiwambo chembamba kinatikisa hewa iliyo kati yake na sikio la mtu.